Nimefuta Instagram, nataka kurudi kwenye shajara yangu ya mtandaoni. Nianzie wapi?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mama wa watoto wawili, mtumishi wa umma, nakaa Ipagala hapa Dodoma. Nilihamia kutoka Dar es Salaam mwaka 2019 ofisi yetu ilipohama. Mume wangu kazi yake bado iko Dar, huja kwa treni Ijumaa usiku na kuondoka Jumapili, na mdogo wetu amezoea kulala sebuleni siku hiyo ili amsikie akifungua geti. Nilipokuwa chuo, 2009 hadi 2012, nilikuwa na blogu. Kila Jumapili naandika: bweni, mihadhara, nauli, mchumba. Walikuwa wanasoma watu kama kumi na tano, nawajua wote. Kisha ikaja Facebook, Instagram, stetasi za WhatsApp, blogu nikaiacha hata kuiaga sikuiaga. Mwezi wa tatu mwaka huu nimefuta Facebook na Instagram kwenye simu. Nataka kurudi kuandika maisha yangu mtandaoni kama zamani, lakini kila nikikaa zinatoka sentensi mbili tatu, halafu najikuta nawaza picha ya kuambatanisha. Mume wangu anasema ninunue daftari, yaishe. Nakuwekea nilichoandika juzi: "Dodoma imenifundisha uvumilivu. Kila msimu una sababu yake. Asante Mungu kwa hatua hii." Je, nirudi kweli, au wakati umeshapita?

JIBU: Marahaba, dada yangu. Wakati haujapita. Kabla sijaenda mbali, nakuomba usome tena barua yako, hasa pale penye mtoto anayelala sebuleni ili amsikie baba yake akifungua geti.

Hiyo ndiyo shajara. Umeiandika bila kuitafuta, katikati ya kujitambulisha, kwa mtu ambaye hata sura yake huijui. Umeandika aya nzima bila kuwaza picha. Kisha ulipofika pale uliposema "nakuwekea nilichoandika juzi", ukavaa nguo za sherehe, yakatoka yale maneno matatu kuhusu uvumilivu na msimu na hatua. Mwandishi ni yuleyule na simu ni ileile. Kilichotofautiana ni nani uliyekuwa unaongea naye. Nimefundisha na kuhariri maandiko ya watu wazima hapa mjini kwa miaka mingi, na wanaokuja na shida kama yako karibu wote huuliza watumie programu gani. Programu tutaifikia. Kwanza tuongee habari za msomaji.

Mwaka 2009 ulikuwa na watu kumi na tano, unawajua kwa majina. Tangu hapo umeandika zaidi ya miaka kumi mbele ya kadamnasi: bosi, mawifi, rafiki wa darasa la tano, mchungaji, na mtu wa Mwanza usiyemjua ambaye hata hivyo anaweka moyo kwenye kila picha yako. Kadamnasi hiyo haikuondoka ulipofuta aplikesheni. Ukikaa kuandika nayo inavuta kiti.

Tena ilikufunza kazi. Kitufe cha laiki cha Facebook kilianza Februari 2009, mwaka uleule ulioanza blogu yako. Instagram ilikuja Oktoba 2010. Inakupa nafasi ya herufi 2,200 chini ya picha, lakini mpitaji anaonyeshwa mwanzo tu wa maelezo, yaliyobaki mpaka aguse. Mwaka 2016 ikaanza kuacha mpangilio wa nani kaweka lini, ikapanga kwa kukisia nini kitamshika mtazamaji. Stetasi ya WhatsApp ya tangu 2017 yenyewe hufa baada ya saa 24. Mtu mwenye akili akikaa humo muongo mzima anajifunza kuweka mzigo wote mstari wa kwanza. Anajifunza kuondoa majina na mahali ili kila mtu ajione humo, na kufunga kwa dua ili watu wapate pa kuitikia "Amina". Ulijifunza vizuri, dada. Yale maneno yako matatu ni kapsheni safi kabisa. Ningeyaona kwenye simu ningebonyeza moyo nikapita, na kesho yake usingeweza kuniuliza yalisema nini.

Uvumilivu wa nini? Wa maji? Wa upepo wa Agosti unaoingiza vumbi hadi kwenye kabati la vyombo? Wa kulea watoto peke yako Jumatatu hadi Ijumaa? Andiko lako linajua jibu, linaona haya kulisema.

Nikuonyeshe changu, nisije nikaandika maisha yako kwa mkono wangu. Hiki nilikiandika zamani, siku ya mvua ya kwanza ya mwaka:

"Jumatano. Mvua imeingia saa kumi jioni, imenyesha dakika kama ishirini. Mama wa nyumba ya pili ametoa ndoo, sufuria, beseni la mtoto na kifuniko cha tanki kilichopasuka, kavipanga chini ya bati. Mvua imekata kabla beseni halijafika nusu. Kabaki amesimama anaangalia juu kama mtu anayesubiri chenji yake."

Hapo hakuna funzo. Siku hiyo nilitamani sana kuongeza sentensi moja kuhusu subira ya watu wa mkoa huu, nikaizuia. Leo nikiisoma nasikia lile bati. Ile sentensi ya subira ningekuwa nimeshaisahau, na huenda ningeionea aibu.

Sasa mumeo na daftari lake. Nusu ya maneno yake ni kweli, na nusu hiyo ni kubwa kuliko unavyotaka. Mwaka 1986 mwanasaikolojia wa Marekani James Pennebaker na mwenzake Sandra Beall walichapisha utafiti ambao hadi leo unatajwa kila watu wanapoongelea faida ya kuandika. Wanafunzi wa chuo waliandika dakika 15 kwa siku, siku nne mfululizo. Walioandika jambo lililowaumiza, tukio lenyewe pamoja na walivyojisikia, miezi iliyofuata walikwenda kwenye kituo cha afya mara chache kuliko walioandika mambo ya kawaida tu. Tafiti nyingi zimefuata tangu hapo, na zikijumlishwa faida inaonekana kuwa ipo lakini ndogo. Anayekuuzia uandishi kama tiba ya kila kitu anakuuzia mbuzi kwenye gunia. Ninachotaka ukione ni kwamba katika wanafunzi wale hakuna aliyeposti. Hawakuandika ili ndugu au rafiki asome. Jambo linalokuchoma sasa hivi, la ndoa, la ofisi, la mama mkwe, mahali pake ni kaunta buku, na kaunta buku ikae kabatini.

Nusu ya pili mumeo amekosea, kwa sababu daftari lina ugonjwa wake. Unapojiandikia mwenyewe unakata kona. Unaandika "leo yule mtu tena, nimechoka." Ninayo madaftari yangu ya miaka ya nyuma yaliyojaa "yule mtu", na kwa wengine wao sijui tena walikuwa akina nani. Ukijua kuna jicho lingine litasoma, hata moja, unalazimika kusema yule mtu ni mpangaji wa chumba cha uani, kwamba anadaiwa umeme wa miezi miwili, na kwamba alikuja na zabibu kwenye mfuko wa rambo badala ya hela. Msomaji anakudai maelezo, na katika kulipa deni hilo ndipo na wewe unaona kilichotokea.

Tunao mfano mzuri nyumbani. Shaaban Robert, naye mtumishi wa serikali wa kuhamishwahamishwa kama wewe, alimwandikia mdogo wake Yusuf Ulenge barua tangu 1931 hadi 1958. Zilikuja kukusanywa kuwa kitabu, lakini alipokuwa akizituma zilikuwa barua tu, za mtu mmoja kwenda kwa mtu mmoja. Na wale waliotufungulia njia ya kuandika Kiswahili mtandaoni katikati ya miaka ya 2000, akina Ndesanjo Macha, waliandika kama watu waliokaa barazani na wanaowajua. Tulikuwa tunaita "gazeti tando" enzi hizo, jina ambalo bado nalionea huruma lilivyopotea. Mimi mwenyewe nilianzia kwenye kafe ya intaneti mjini hapa, unalipia kwa nusu saa, umeme ukikatika andiko limekwenda na hela imekwenda. Kwa hiyo tulikuja na karatasi tumeshaandika nyumbani, tukae kuchapa tu. Ule umaskini ulitusaidia: hakuna aliyetunga mbele ya skrini.

Basi, chagua msomaji. Mmoja. Asiwe mumeo, maana yeye umeshamzoea na utamkatia kona. Asiwe mtoto wako atakapokuwa mkubwa, utaanza kumhutubia. Chagua rafiki wa bweni aliyekuwa anasoma ile blogu, ambaye sasa yuko Songea au Bukoba na hajui Ipagala inafananaje. Kila ukianza, jiulize: huyu angeuliza nini hapa? Angeuliza treni inafika saa ngapi. Angeuliza geti ni la bati au la nondo. Ukishamjibu huyo, wengine wote wanaelewa.

Tuje kwenye mahali. Kabla hujafungua kitu kipya, leo hii jaribu kuingia kwenye akaunti ya zamani. Kama blogu yako ilikuwa Blogger, ambayo ni mali ya Google tangu 2003, ufunguo wake ni ile barua pepe ya chuo au Gmail yako ya wakati huo. Nasema leo hii kwa sababu Google imejiwekea utaratibu, ulioanza kutekelezwa Desemba 2023, wa kuweza kufuta akaunti ya mtu binafsi ambayo haikuguswa kwa miaka miwili. Ukikuta imeshafungwa, usilie bado. Nenda kwenye Wayback Machine, hifadhi ya kurasa za zamani za intaneti, andika anwani ya blogu yako kama ilivyokuwa. Mara nyingi inakuwa imehifadhi baadhi ya kurasa, pengine bila picha. Utakachokipata nakili chote, ubandike kwenye faili lako. Fanya hivyohivyo Facebook na Instagram: kufuta aplikesheni kwenye simu hakujafuta akaunti, kwa hiyo ingia kwa kivinjari, omba kupakua taarifa zako, uzihifadhi. Humo kuna miaka yako.

Ukisoma maandishi yako ya umri wa miaka ishirini na kitu utakunja uso. Vumilia. Usihariri chochote. Yule binti alikuwa na kitu ambacho wewe sasa unakitafuta kwa tochi.

Kwa kuandikia mapya, sina ushabiki. Blogger ni bure, WordPress.com ina upande wa bure, na zote mbili zinakuruhusu kufunga mlango ili wasome ulioalika tu. Ungekuwa unaniuliza ana kwa ana ningekwambia anza na mlango uliofungwa, watu watano, kwa miezi sita. Hata barua pepe ya kila Jumapili kwa watu watano ni shajara ya mtandaoni, na haitaki bando kubwa. Ukitaka jina lako mwenyewe lenye mwisho wa .co.tz baadaye sawa, ila kumbuka ni la kulipia kila mwaka, na siku ukisahau kulipa nyumba inabaki haina namba. Lililo la lazima ni moja: kila andiko liandike kwanza kwenye faili lako, kwenye simu au kompyuta, ndipo ulipeleke huko. Mitandao si kwetu, sisi ni wapangaji. Mwaka 2019 MySpace ilikiri kupoteza picha, nyimbo na video ambazo watu walizipandisha kwa miaka mingi, wakati wa kuhamisha data tu. Na Mei 2025 mtandao wa X ulipozimwa hapa nchini, niliwaona watu wazima wanatafuta maneno yao wenyewe ya miaka kumi wasiyapate.

Kuna upande wa sheria, na kwa mtumishi wa umma siwezi kuuruka. Kanuni za maudhui mtandaoni za 2018 ziliwataka wenye blogu wasajiliwe TCRA, yaani Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, na gharama ilikuwa shilingi 100,000 za maombi, 1,000,000 za leseni na 1,000,000 nyingine za kila mwaka. Blogu nyingi za watu wa kawaida zilinyamaza mwaka ule. Kanuni zikaandikwa upya 2020, zikarekebishwa tena 2022 na ada ikashuka. Barua kwa marafiki watano ni jambo moja, na ukurasa wa wazi kwa kila mtu ni jambo lingine. Siku ukitaka kufungua mlango, pita ofisi ya TCRA ya Kanda ya Kati, iko hapahapa Dodoma, uwaeleze unachoandika na wakwambie kinaangukia wapi. Usitegemee maneno ya mtu wa kwenye kundi la WhatsApp, wala yangu. Mambo ya ofisini usiyaguse kabisa, hata kwa mafumbo. Mji huu ni mdogo kuliko unavyoonekana. Ukiandika "bosi mmoja wa Mtumba mwenye gari jeupe" kuna watu arobaini watajitambua na mmoja atakuita.

Linalonipa shida zaidi ya sheria ni stara. Siri ya mtungi aijuaye kata, na wewe ndiwe kata ya nyumba yako. Huyo mtoto wa sebuleni leo ni kichekesho kitamu, kesho ana miaka kumi na tano na wenzake darasani wanajua alikuwa analilia geti. Mimi nafuata mpaka huu, unipinge ukitaka: kama aliyecheka au kuumia ni mimi, naandika, kama ni mwingine, namwachia aandike yeye akikua. Kwa hiyo pale sebuleni ningemwacha mtoto bila jina na bila shule, ningeandika wewe umelala macho chumbani, unasikiliza mtu anayesikiliza geti. Hicho ni chako. Ukiwa na shaka, uliza. Nimewahi kumsomea dada yangu aya tatu kwa simu, akaniambia "hiyo ya pili hapana", nikaifuta, na andiko halikupungukiwa kitu.

Pia lilaze andiko. La kawaida lilale usiku mmoja. La ugomvi, liandike kiangazi ulisome mvua zikishaanza. Ukiona bado lina haki yake, litoke. Haraka ya kuposti ni ugonjwa tulioupata kwenye simu, maana kule ukichelewa saa mbili habari imechacha. Maisha ya nyumbani hayachachi hivyo.

Mwisho kuna ukimya, na huo utakuuma kuliko unavyodhani. Umezoea kuweka kitu saa mbili usiku na saa mbili na robo watu thelathini wameshagonga. Sasa utaandika saa moja na nusu, utatuma, na hakuna atakayesema neno. Wiki ya pili vilevile. Wengi ninaowafundisha hurudi Instagram wiki ya tatu, wakisema watu siku hizi hawasomi. Wanasoma. Wanasoma wakiwa kwenye foleni ya benki, wanasoma wakinyonyesha, halafu hawajui waseme nini kwa sababu hukuwapa pa kuitikia "Amina". Zima komenti kama unaweza, na kile kipimo cha wangapi wamesoma kifiche, usikiangalie kabisa. Baada ya mwezi utapata ujumbe mmoja wa mtu wa Songea: "ile habari ya geti, na sisi baba alikuwa dereva wa lori." Huo mmoja utaukumbuka.

Usiniletee andiko la kwanza, litakuwa limejikaza. Wala la pili. Niletee la tatu, na liwe na siku, mahali, na kitu kimoja kinachoshikika mkononi. Na mumeo akija Ijumaa mwambie nimekubali, daftari linunuliwe, kaunta buku ya kwaya mbili, anunue yeye. Utaandikia rasimu.